Gari la Kuazima na Dhamana Yake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wasomaji wetu watukufu, miongoni mwa maswali tunayoletewa baada ya sala ya Isha, siku hizi yamezidi yale yanayohusu magari. Zamani watu wa mitaa yetu walikuwa wakiazimana sufuria za harusi, mikeka, mbuzi ya kukunia nazi, na aliyejaaliwa, baiskeli. Kitu kikivunjika, hasara ilikuwa ndogo na ugomvi wake ulikuwa mdogo. Leo mtu huazima gari la mamia ya maelfu ya shilingi kwa maneno machache ya mlangoni: "Nipe ufunguo, narudi sasa hivi." Gari likirudi limebonyea, jamaa waliokuwa wakila sinia moja huacha kusalimiana. Ndipo tukaona tuizungumze mas'ala hii kwa utulivu, kabla ufunguo haujatoka mkononi.

Kiswahili chetu kina neno moja, kuazima, kwa atoaye na kwa achukuaye. Huenda ndiyo sababu twasahau kwamba wawili hawa hawana wajibu mmoja. Mafakihi wamewatenganisha kwa majina, na mkataba wenyewe wameuita ariya, nao ni kumpa mtu kitu akitumie bila malipo, kisha akirudishe kile kile. Mwenye kutoa ana thawabu, na mwenye kuchukua ana wajibu.

Thawabu hiyo si ndogo. Katika Suratul Maun Mwenyezi Mungu amewalaumu wanaozuia misaada midogo ya ujirani, na sahaba Abdullah bin Mas'ud (R.A.) ameifasiri kuwa ni vitu kama chungu, ndoo na shoka ambavyo watu huazimana. Na Bwana Mtume (S.A.W.) mwenyewe, usiku ambao watu wa Madina walishtushwa na kishindo, aliazima farasi wa Abu Talha, akatangulia kwenda kutazama kuna nini, kisha akarudi kuwatuliza watu. Kwa hivyo mwenye kumpa jirani gari ampeleke mgonjwa hospitali, au ampokee haji uwanja wa ndege, amefuata njia njema. Hatuandiki haya ili watu wafunge milango yao. Twaandika ili milango ibaki wazi, kwani mtu aliyeumizwa mara moja na kuambiwa anyamaze, mara ya pili huficha ufunguo.

Alitujia mama mmoja mjane ambaye riziki ya wanawe watatu yatokana na gari lake dogo. Alfajiri hupeleka mahamri na sambusa kwenye mikahawa, na saa za shule hubeba watoto wa majirani. Mtoto wa kaka yake aliliazima kwenda harusini Kilifi, wakaagana gari lirudi kabla ya magharibi. Huko Kilifi kijana akampa rafiki yake ufunguo akalete maji ya kunywa, na yule rafiki akagonga nguzo. Taa ilivunjika, bampa ikapasuka na rejeta ikatoboka. Fundi alitaka shilingi 60,000. Kijana alisema, "Mimi sikuwa kwenye usukani." Rafiki alisema, "Mimi sikuazima kwa mwenyewe." Wazee wa nyumba wakasema, "Ni kadari ya Mungu, msamehe mtoto wako." Wiki tatu mama yule alikuwa akikodi tuktuk kila alfajiri, na faida yote ya mahamri ikaishia katika nauli. Swali lake lilikuwa moja: "Maalim, nikidai haki yangu, nitakuwa nimekata udugu?"

Jibu la swali lake lategemea hukumu, basi tuitazame hukumu kwanza. Mwaka wa 8 Hijria, kabla ya vita vya Hunayn, Bwana Mtume (S.A.W.) alimtaka Safwan bin Umayya deraya zake za vita. Safwan, ambaye wakati ule alikuwa bado hajasilimu, aliuliza kama zile zinachukuliwa kwa nguvu. Akajibiwa kwamba la, ni za kuazima, na zina dhamana. Hadithi hii imepokewa na Abu Daud. Juu yake, pamoja na hadithi ya Samura kwamba mkono hubeba jukumu la ulichochukua mpaka ukirudishe, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamejenga kanuni yao: kitu cha kuazima kikiharibika pasipo na matumizi yaliyoruhusiwa, aliyekiazima atakilipa, hata kama hakuzembea.

Tutanabahi na maneno hayo, "matumizi yaliyoruhusiwa." Tairi likilika kwa mwendo wa kawaida, au breki zikipungua kwa safari ile ile iliyokubaliwa, hakuna malipo, kwa sababu mwenye gari aliruhusu uchakavu huo pale aliporuhusu safari. Lakini aliruhusu gari liendeshwe, hakuruhusu ligongwe. Na kama ni dereva mwingine ndiye aliyeligonga, aliyeazima bado ana jukumu mbele ya mwenyewe, kisha yeye amfuate mkosaji.

Haki ya elimu yatutaka tuseme kwamba mas'ala hii ina hitilafu. Mahanafi wanaiona ariya kuwa ni amana, hivyo mwenye kuazima halipi ila akivuka mpaka au akizembea. Wamaliki wanatofautisha kitu kinachofichika na kisichofichika. Mahambali wako karibu na sisi katika kuweka dhamana. Hata hivyo, katika kisa cha mama yule hitilafu hii haikumsaidia kijana kitu. Yeye alimpa ufunguo mtu wa tatu bila idhini, na huo ni uvukaji mpaka. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wa pwani yetu wamekisoma, ameshika kauli kwamba mwenye kuazima hana ruhusa ya kumwazima mwingine pasi na idhini ya mwenyewe.

Sasa tuje kwenye neno "kadari," maana ndilo linalowanyamazisha wengi. Kila litokealo limo katika kadari ya Mwenyezi Mungu. Hilo ni nguzo ya imani yetu. Lakini je, mwenye kuua kwa bahati mbaya hakuua kwa kadari? Na pamoja na hayo Qur'ani, katika Suratun Nisaa, imemwekea kafara, na watu wa aliyeuawa wamewekewa diya. Ikiwa kadari haikuondoa fidia ya nafsi, itaondoaje fidia ya taa na bampa? Kukosea bila kukusudia huondoa dhambi, hakuondoi haki ya mtu. Dhamana si adhabu wala si tusi. Ni kuirudisha mizani mahali pake. Bi Aisha (R.A.) alipovunja bakuli lililokuja na chakula kutoka kwa mwenzake, Bwana Mtume (S.A.W.) hakumkaripia mbele ya wageni, bali alikusanya vipande, akarudisha bakuli zima badala ya lile lililovunjika. Tazameni hapo: upole ulikuwapo, na malipo yalikuwapo pia. Sisi tumejifunza upole, tukasahau bakuli.

Kwa hivyo tulimwambia mama yule kwamba kudai haki si kukata udugu. Anayeukata ni yule anayeharibu kisha akamwachia mwenziwe hasara. Tukamwita kijana na baba yake, tukakaa. Kijana alikubali kulipa shilingi 12,000 kila mwezi kwa miezi mitano, naye akabaki na haki ya kumdai rafiki yake. Alipolipa minne bila kukumbushwa, shangazi yake alimsamehe mwezi wa tano. Msamaha ule ulikuwa wake, aliutoa kwa ridhaa, na kwa hivyo ulikuwa na ladha. Msamaha unaokamuliwa kutoka kwa mjane na baraza la wazee ni dhuluma iliyovishwa kanzu.

Si kila mwenye kushika usukani, hata hivyo, ni mwenye kuazima. Ukimtuma kijana na gari lako akakuletee saruji yako, au akupeleke wewe kliniki, yeye ni wakala wako, na mkono wake ni mkono wa amana. Gari likipata ajali bila uzembe wake, hasara ni yako. Vilevile aliyelikodi kwa malipo halipi ila akizembea au akivuka mpaka. Wengine hushangaa: vipi aliyetoa pesa abebe mzigo mwepesi kuliko aliyepewa bure? Ni kwa sababu mwenye kukodisha naye anafaidika kwa ujira, ilhali katika ariya faida yote ni ya mchukuaji, basi na dhamana humfuata. Aliyeruhusiwa kufika Kilifi akaendelea mpaka Malindi amevuka mpaka, na kuanzia hapo anadaiwa hata ujira wa mwendo ule wa ziada.

Dada zetu wanatuuliza pia kuhusu gari la mke. Jibu letu ni fupi. Mali ya mke ni ya mke, iwe ni mahari, urithi au chumo lake, na ndoa haimpi mume umiliki wake. Mume akiliazima gari la mkewe kwa shughuli zake akaligonga, hukumu ni ile ile ya mtoto wa kaka. Akitaka kumsamehe, ni ihsani yake. Lakini mume asihesabu msamaha huo kabla haujatolewa. Na hukumu hii ni pande zote mbili: mke naye aliyechukua gari la mumewe kwa biashara yake ana dhamana hiyo hiyo.

Tusisahau kwamba twaishi katika nchi yenye sheria zake. Mahakama za Kadhi, kwa Katiba ya 2010, zinashughulikia hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kati ya Waislamu. Hasara ya gari haimo humo. Sulhu ikishindikana, mwenye kudai aweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Na mtu wa nje akiumizwa, mahakama zetu huanza kwa kudhani kwamba dereva alikuwa wakala wa mwenye gari, mpaka ithibitike vinginevyo. Kisheria, basi, waweza kuitwa kortini kwa ajali iliyotokea nawe umelala kitandani.

Hapo ndipo bima inapoingia. Sheria, Sura ya 405, imelazimisha kila gari barabarani liwe na bima ya mtu wa tatu. Wengi hudhani bima hii itatengeneza gari lao. La, hiyo ni kwa ajili ya wengine watakaodhurika. Gari lako mwenyewe halitengenezwi ila uwe na bima kamili au takaful ya namna hiyo, na hata hapo kuna kiasi utakachotoa wewe kwanza, na kuna masharti juu ya leseni ya dereva na matumizi ya gari. Gari la kibinafsi lililobeba abiria wa kulipa laweza kukosa fidia yote.

Kwa hayo, twawausia wenye magari mambo machache. Kabla ya kutoa ufunguo, itazameni leseni ya dereva, hata akiwa mwana wa ndugu. Kumpa asiyejua kuendesha si ukarimu, ni kuhatarisha roho za watu. Lizungukeni gari pamoja, na mlipige picha kwa simu, ili ufa wa zamani asidaiwe mtu asiyeuleta. Semeni kwa ulimi: waenda wapi, warudi lini, nani ataendesha, mafuta ni ya nani, na likiharibika tutafanyaje. Anayeona haya kuyasema hayo kwa dakika tano ataona haya zaidi miezi mitano. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Nanyi wenye kuazima, mkumbuke kwamba gharama ya kurudisha ni yenu, na wakati wa kurudisha ni ahadi. Msimpe mwingine usukani. Likitokea la kutokea, mjulisheni mwenyewe siku hiyo hiyo, kabla hajaliona kwa macho yake, na maneno yenu ya kwanza yawe, "Nitalipa," hata kama mfuko hauna kitu na itabidi mlipe kidogo kidogo. Kauli hiyo peke yake huzima nusu ya moto. Na mara nyingi tumeona ndiyo inayomfanya mwenye gari aseme, "Basi, nusu nakusamehe."

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie mikono inayotoa na mikono inayorudisha, na azilinde nyumba zetu na ugomvi wa mali.

Wallahu a'lam.