Kelele ya Upande wa Kulia

Jumanne, 15 Aprili 2025
Vuuuuu. Tangu Khayega hadi mjini. Kwenye matuta inanyamaza, gari likishika sitini inaanza tena. Nimezima redio ili nisikie vizuri, halafu nikaiwasha ili nisisikie. Tulipopita Ilesi, penye Jiwe Linalolia, Mama akasema kutoka kiti cha nyuma: "Gari lako limejifunza kulia kwa hilo jiwe." Nimecheka. Sikufurahi.
Siku ya Pasaka anataka kusali Mukumu. Nimeshamwahidi.

Jumatano, 16 Aprili
Kijana wa kaka yangu amefika kutoka chuoni Sigalagala. Nikampa funguo, akazirudisha. "Senje, endesha wewe, mimi nisikilize." Kona ya kushoto, kelele ikapanda. Kona ya kulia, ikashuka. "Ni ya kulia, mbele." Eti gari likipinda kushoto uzito wote unalalia kulia.
Nyumbani akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akapiga jeki. Akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Tk, tk. Kisha akanishikisha springi, yeye akalizungusha. Kama kusaga mchanga. Beringi. Maji yamepita kwenye sili, grisi imekwisha. Mvua hizi na barabara ile ya shuleni, ingepona wapi?
"Nitaibadilisha hapa hapa nyumbani."
Hapa nyumbani! Gari ndilo hilo moja. Karo yake nimelipa muhula baada ya muhula, sijawahi kuuliza wanafundishwa nini. Leo nauliza. Kimoyomoyo.

Alhamisi, 17 Aprili
Dukani maboksi yote ya beringi yanafanana, bei ndizo hazifanani. Ya kwanza kijana aliizungusha karibu na sikio, akairudisha. Ya pili akasoma namba iliyochorwa kwenye chuma chenyewe, akailinganisha na ya boksi. Akarudisha. Muuzaji kanuna. Mimi natamani ardhi ipasuke. Ya tatu ndiyo tukalipa, elfu tatu mia nane. Njiani nikawa napiga hesabu ya unga.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili
Mama amekataa katakata. Nyundo leo? Siku waliyompigilia Bwana misumari? Kijana akajaribu kueleza kwamba ni spana tu. Chuma ni chuma, akaambiwa.
Basi gari limekaa. Beringi iko mezani karibu na Biblia. Mvua saa tisa. Usingizi hauji.

Jumamosi, 19 Aprili
Nimechoka, lakini niandike kabla sijalala.
Saa moja tulikuwa nje. Nati kubwa ya eksele hulegezwa gurudumu likiwa bado chini, la sivyo gari litadondoka kwenye jeki. Spana ya 30, bomba refu juu yake, sisi wawili tumelilalia. Kaa! Nikadhani imekatika. Imelegea. Breki akazifungua, akazining'iniza kwa waya zisivute mpira wake. Hilo hakuambiwa na mtu. Alilijua.
Nako, kile chuma kinachoshika beringi, ilipotoka, mzee jirani akafika na mikono nyuma. "Leteni nyundo. Mimi nimegonga beringi tangu enzi za Datsun."
"La, kuka," akasema, kama kwa babu yake. "Ukigonga, vigololi vinatia alama kwenye njia yake. Itanguruma ikiwa mpya."
Mzee akanitazama. Alikuwa anangoja nimkanye mtoto. Nikatazama mawingu.
Nako ndani ya gunia, boda, hadi jua kali penye presi. Presi yenyewe ni fremu ya vyuma na jeki ya lori. Ya zamani ilitoka, ila pete yake ya ndani iling'ang'ania habu, kitovu cha gurudumu. Grainda kidogo, tindo, ikapasuka. Kuingiza mpya ndiko kulikonitoa jasho. Mwenye presi ana haraka, wateja wanamngoja. Kijana akamshika mkono: ikiingia kwenye nako sukuma pete ya nje, si ya ndani. Habu nayo ikiingia, egemeza ya ndani. Kwa upole, bila kiburi. Yule fundi akasimama, akalisogeza bamba. Akakubali!
Mvua ilitukuta tunafunga. Turubai, tochi mdomoni mwangu, pini mpya kwenye nati. Grisi hadi kwenye leso. Furaha gani hii? Ya beringi, ndiyo. Lakini ile "La, kuka" naisikia bado.

Pasaka, 20 Aprili
Mukumu, kwenda na kurudi. Hakuna vuuuu. Mama amesinzia tangu Ilesi, jiwe hakuliona. Sasa nasikia mlango wa nyuma unagonga, na kitu fulani chini ya kiti. Shauri lao.
Mzee jirani aliomba lifti, akakaa mbele, sikio upande wa dirisha mpaka Khayega. Kimya. Aliposhuka ndipo akauliza, "Huyo mtoto anamaliza lini?"

Jumatatu, 21 Aprili
Kijana amefua ovaroli, ameianika, akaja kusimama mlangoni. Namjua akisimama hivyo. Kuna gereji Eldoret ya kumchukua kwa mafunzo ya kazini, miezi mitatu. Hakuna mshahara. Nauli, chumba, chakula.
Nimemjibu tutaona. Uso ukamshuka, akasema asante Senje.
Tutaona nini? Pesa ya tairi ipo kwenye simu, nimeihesabu mara ngapi. Nimetoka nje nikazikagua tairi, nikapitisha kidole. Meno bado yapo kidogo. Kesho namtumia. Tairi zitangoja Agosti.