Gari Kwenye Picha ya Kuka Halikuwa la Joginder

Wasee, kila Ijumaa mnajua vile hufanyika. Natupa hapa kipande cha gari, taa moja ama kona ya bampa, na nyinyi mnakisia ni gari gani. Wiki iliyopita sikuposti, na wengi wameniuliza kama nimeishiwa na magari. Zii. Nilikuwa na kipande kimoja mezani na kikanishinda kuposti. Leo wacha niwaambie.

Kwetu Kangemi, sebuleni kwa kukhu, kuna picha ya kuka ambayo imening'inia ukutani tangu nizaliwe. Amesimama wima, mkono mmoja juu ya buti ya gari. Mpiga picha alimtaka mtu, hakutaka gari, kwa hivyo gari limekatwa. Unaona kona ya nyuma, taa moja, gurudumu, na mlango nusu. Nimekua nikiambiwa hiyo ni Lancer ya Joginder Singh, ile ya Safari Rally, na kwamba kuka alikuwa mmoja wa mafundi wake. Hiyo stori ndiyo ilinifanya nipende magari. Nilipoacha chuo mwaka wa pili juu ya karo, ndiyo nilianzia nayo video yangu ya kwanza hapa. Mnaikumbuka.

Sasa mwezi jana jamaa mmoja anayekusanya vitu vya rally akaniandikia. Anataka picha yenyewe, pamoja na maelezo yenye sahihi yangu kwamba hilo ni gari la Joginder. Elfu ishirini. Keja yangu ni elfu sita kwa mwezi na nilikuwa na deni la miezi miwili. Nilisema sawa hata kabla amalize kuandika.

Shida ni kwamba mimi ndiye huwaambia kila wiki: usikisie kwa mdomo, angalia chuma. Volvo PV544, ile Joginder na ndugu yake Jaswant walishinda nayo 1965, utaijua kwa kioo cha mbele. Ni kimoja, kimepinda. PV444 iliyoitangulia ina kioo cha vipande viwili. Escort ya Hannu Mikkola ya 1972 ina grili iliyobanwa katikati kama mfupa, lakini ile ya Björn Waldegård ya 1977 uso wake ni mraba. Jicho likizoea, kipande kidogo kinatosha. Na kwa hiyo picha ya kuka, jicho langu halikuwa limewahi kuulizwa chochote. Mdomo wa baba ulikuwa umeshajibu.

Nikaitoa kwa fremu. Pembeni ya buti bodi inainuka kama pezi la samaki, halafu inaishia kwa taa. Lancer haina pezi. Mwenye pezi ni Peugeot 404, gari lililochorwa na Pininfarina likatoka 1960. Nikageuza karatasi. Nyuma, kwa kalamu iliyofifia: "Xmas 1969". Lancer ilitoka 1973, na Joginder akashinda nayo 1974 na 1976. Kuka hangeweza kuegemea gari ambalo bado halijazaliwa.

Niwaambie kitu ambacho sijivunii. Nilifurahi. Juu 404 nayo ilishinda Safari 1963, 1966, 1967 na 1968. Hiyo 1968 mvua ilinyesha hadi magari 7 tu ndiyo yakamaliza, na Nick Nowicki akiwa mbele. Nikaona nitabadilisha jina tu, nimwambie jamaa kuka alimtengenezea Nowicki, pengine hata aongeze doh. Nilishaandika mistari mitatu.

Lakini nikarudi kuangalia chuma. Gari la Safari lina namba kubwa mlangoni. Mlango huu ni safi. Gurudumu limevaa kifuniko kinachong'aa kama sahani ya wageni. Na juu kabisa, pale picha inapoishia, kuna mguu wa keria na kamba imefungwa kushikilia kitu kama godoro. Ni nani huyo anakimbia Safari na godoro?

Nikamuuliza kukhu. Huwa ananiita kuka pia, juu nilipewa jina lake.

"Kuka, nani alikuambia ni gari la mbio?" akasema. "Hiyo ilikuwa gari ya abiria. Babu yako alikuwa anafunga mizigo juu. Hiyo ndiyo ilinileta Nairobi."

"Na Joginder?"

Akanyamaza kidogo. "Joginder ni wa baba yako. Shuleni walimcheka ati babake ni wa kubeba mizigo. Akarudi siku moja amepata hiyo stori. Nikamwachia."

Nilikaa hapo na chai ikapoa. Miaka yote nilidhani stori ni ya kuka, kumbe ni ya mtoto mmoja wa shule aliyetaka wamwache.

Jamaa nilimwandikia ukweli wote: 404, 1969, keria, godoro. Alisoma, akanyamaza. Deni la keja liko pale pale, na mwenye nyumba anabisha mlango asubuhi kuliko jogoo. Ile video yangu ya kwanza sijaifuta, nimeandika tu chini yake kwamba nilikosea. Mkitaka kuniondoa kwa wale mnaowaamini, ni haki yenu.

Picha imerudi ukutani. Baba hajui nimeigeuza, na najua atasoma hapa. Baba, sikucheki. Ningekuwa wewe, pengine ningejitafutia Joginder wangu pia. Lakini huyo mzee alifunga mizigo ya watu, na kamba yake haijalegea hata kwenye picha. Iangalie vizuri ukija Jumapili.

Na nyinyi wengine, nyumbani kwenu kuna picha kama hiyo. Itoeni kwa fremu, mgeuze nyuma. Ijumaa tunarudi na kipande kipya, na hakitakuwa rahisi.