Picha ya Mama Ziwani

Mama yangu hapigwi picha. Jamaa zetu wa Maskati wanalijua hilo. Katika arusi zote za ukoo huwa amejificha nyuma ya mtu, au amekwenda jikoni kutazama kitu kisichohitaji kutazamwa. Tulidhani ni haya tu.

Oktoba iliyopita alikuja kunizuru hapa Manchester, nami nikampeleka Tarn Hows, ziwa dogo karibu na Coniston ambako huenda kila mwaka kupiga picha za miti inayobadilika rangi. Si kazi ya maumbile peke yake. Katika karne ya 19 tajiri James Garth Marshall alijenga ukuta wa kuzuia maji, vijiziwa vitatu vikaungana kuwa kimoja, akapanda misonobari pembezoni. Mwaka 1930 mahali hapo paliangukia mikononi mwa Beatrix Potter, yule mtunzi wa visa vya sungura, naye akaikabidhi National Trust sehemu yenye ziwa.

Tulifika jua likichomoza. Huo ndio wakati wake, kwani upepo ukishaamka maji hukunjamana na taswira huvunjika. Ipo pia aina ya msonobari ambayo, tofauti na wenziwe, hupukutisha majani. Nayo ilikuwa imegeuka rangi ya bizari, juu ya nchi kavu na chini majini.

"Hii ndiyo vuli yao?" Mama akauliza. "Mbona haina mvua?"

"Ilinyesha jana kutwa, Mama." Kamusi zinatumia neno hilo hilo vuli kwa majira haya, lakini kwa mtu wa Unguja vuli ni mvua, na sikuwa na neno jingine la kumpa.

Nikamweleza ufundi wangu, pengine kwa kirefu kuliko alivyotaka: kwamba lenzi hulengwa kwenye mti ulioakisiwa, si kwenye uso wa maji, kwamba mti wa majini daima huwa na giza kidogo kuliko wa juu, kwamba kile kichujio ambacho wapiga picha hukisifu huweza kuifuta taswira yote, basi mimi hukiacha mfukoni. Akanisikiliza, kisha akasema, "Picha zako zote hazina watu, mwanangu."

Nikamjibu kwa mzaha kwamba watu wenyewe wanakimbilia jikoni.

Hakucheka. Akaketi juu ya jiwe akanisimulia. Mwaka 1964 alikuwa na miaka minane. Usiku mmoja bibi alilifungua kasha, akazitoa picha zote za nyumba, za wazee waliovaa joho na jambia, za mabibi arusi, hata ya mtoto aliyefariki, akazitia moja moja katika jiko la mkaa kwa kuhofia ni nani angekuja kuziona. Mama ndiye aliyekuwa akimpa mkononi. Ya mwisho ilikuwa yake mwenyewe, amevaa gauni la sikukuu. "Nilimpa na hiyo," akasema.

Nilishindwa la kusema. Nikarudi kwenye kamera kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu.

Baada ya kitambo akainuka, akasogea ukingoni, akajitanda ushungi vizuri. "Usinipige mimi," akasema. "Piga maji."

Nikapiga mara tatu. Katika ya pili yumo wima kichwa chini, ushungi wake wa buluu kati ya miti ya manjano, na jani moja linaelea karibu na bega. Uso unaonekana. Upepo ukaja.

Ameniruhusu kuiweka hapa. Jamaa zangu, kama yupo aliyevuka na picha yoyote ya nyumba ile, hata iliyochanika, nawaombeni mniandikie. Mama anaisaka moja tu, ya yule mtoto.