Kabla Hujachora Uwanja, Uliza Udongo

Wiki iliyopita niliposti video fupi nikasema hivi: pale Owino Uhuru, kilipokuwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, tuweke uwanja wa mpira. Nyasi, magoli mawili, viti vya wazee pembeni. Mliipenda sana. Nami nikajiona nimeleta suluhisho.

Halafu mama mmoja wa kule akanitumia ujumbe wa sauti. "Mwanangu, wazo lako ni zuri. Lakini watoto wakicheza, lile vumbi linaenda wapi?"

Nilisikiliza mara tatu. Sikuwa na jibu.

Kwa wasiojua, Owino Uhuru ni kijiji karibu na Mikindani, Mombasa, chenye watu kama 3,000. Kiwanda kilianza 2007, kikafungwa 2014. Kilitoa madini ya risasi kwa betri za magari, na sumu yake ikaingia kwa hewa, maji na damu ya watu. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe aliathirika, alipigana mpaka mwaka wa 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mazingira yasafishwe ndani ya miezi minne. Rufaa ikabatilisha 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia.

Sasa sikieni. Risasi haiozi kama ganda la ndizi. Inakaa kwenye udongo wa juu, pale pale mtoto anapotambaa kisha anatia kidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na inayemuumiza zaidi ni mtoto, kwenye ubongo.

Msee mmoja akaniambia, "Mbona Bamburi iliwezekana?" Kweli. Mwaka wa 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya saruji. Mivinje ikashika, majongoo wakala majani yake, udongo ukapatikana. Leo tunalipa kiingilio kuona twiga pale. Lakini Bamburi shida ilikuwa kukosa udongo. Huku udongo wenyewe ndio shida. Huwezi kupanda mche juu ya sumu halafu useme umemaliza.

Kwa hivyo nimebadilisha mpango wangu. Kwanza, udongo upimwe kipande kwa kipande, na majibu yabandikwe kwa Kiswahili pale watu wanapoteka maji, si kufungiwa kwa faili ofisini. Pili, palipo pabaya zaidi udongo uchimbwe, upelekwe mahali pa kuhifadhi taka za sumu. Kwingine pafunikwe kwa udongo safi au zege.

Na hapo ndipo matumizi yanajipanga yenyewe. Juu ya zege weka soko, zahanati au ukumbi. Ukitaka sukuma, panda ndani ya masanduku yaliyoinuliwa, yenye udongo ulioletwa kutoka kwingine. Uwanja wa mpira uje pale tu udongo umeondolewa na kupimwa tena. Na palipofunikwa, hakuna kuchimba choo wala msingi wa nyumba.

Lakini nani atalinda hicho kifuniko? Masika ya Mombasa hayana huruma; mvua ikishatengeneza mtaro, sumu inarudi juu. Mradi usio na mtu wa kuukagua kila mwaka, na pesa ya kuziba nyufa, ni rangi mpya kwenye ukuta unaoanguka.

Tena kuna jambo jingine. Ardhi ikisafishwa, bei inapanda. Kwani tuwasafishie matajiri, walioumia wafukuzwe? Haki ya wakazi kubaki pale iandikwe kabla trekta haijafika.

Ndio maana nasema akina mama wakae mezani tangu siku ya kwanza, si kuitwa siku ya kukata utepe. Mimi, na simu yangu na mawazo yangu matamu, nilikimbilia nyasi. Mama aliyeishi na lile vumbi aliona mbali kuliko mimi.

Video sijaifuta. Nimeandika swali lake juu yake, ili kila anayeiona alisome kwanza. Wewe pia kama una wazo, lilete. Ila anza kwa kumjibu mama: vumbi linaenda wapi?