Wino Uliisha, Nikasema Uongo

Nina saiba ndogo hapa Mitunguu, karibu na soko la ndizi. Natoa nakala, najaza ritani za kodi za KRA, nawafungulia watu barua pepe walizosahau nywila zake. Watu huniamini, na ndiyo sababu jambo hili limenikaa kooni.

Mwaka jana, jioni moja, mama muuza ndizi aliingia na simu mkononi. Binti yake alikuwa anahitimu chuo Mombasa, naye alikuwa amedunduliza vijisenti akamkatia mamake tiketi ya ndege kutoka Nairobi, ya asubuhi ileile ya mahafali. Mama hakuwa amewahi kupanda ndege. Nilimjazia yaliyotakiwa mtandaoni, pasi ya kupandia ikaja. Akanipa shilingi kumi.

"Nitolee karatasi, kijana wangu. Kitu nisichokishika sikiamini."

Printa yangu haikuwa na wino tangu asubuhi. Badala ya kusema hivyo, nilicheka. "Mama, karatasi ziliisha zamani. Siku hizi hata ukienda nayo hawaipokei." Nikamhifadhia pasi kama picha, nikamrudishia simu. Kioo chake kilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona, uliopita katikati ya mraba wa vidoti ulio kwenye pasi. Niliuona, nikanyamaza.

Uongo wangu ulikuwa na chembe ya kweli, na chembe hiyo ndiyo iliyoupa nguvu. Tiketi za karatasi kweli zilikoma: IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kiliachana nazo tarehe 1 Juni 2008. Lakini tiketi si pasi. Tiketi inaonyesha umenunua safari. Pasi ndiyo inayokupitisha mlangoni, na mraba ule hubeba jina lako, nambari ya ndege, tarehe na kiti. Mashine haijali kama umechapwa au unang'aa kwenye simu, mradi iuone vizuri.

Kule uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta haikuuona. Mhudumu aliiweka simu kwenye mashine mara tatu, akakifuta kioo kwa kiganja, akaongeza mwanga. Wapi! Akamwambia arudi kaunta akachapishiwe. Kwa anayejua njia, hiyo ni kazi ya dakika chache. Lakini huyu nilikuwa nimemwambia mwenyewe kwamba karatasi haipokelewi, kwa hiyo alidhani anafukuzwa kwa adabu. Aliketi, kiondo mapajani, akanipigia simu. Mara nne. Nilikuwa nimelala.

Msafiri mmoja alipomwona na kumpeleka kaunta, mlango wa ndege ulikuwa umefungwa. Akapanda basi. Alifika Mombasa jioni, joho la binti yake limekwisha kukunjwa.

Wapenzi wa simu wataniambia dunia inaelekea huko. Ni kweli. Ryanair, shirika la Ireland, liliacha pasi za karatasi tarehe 12 Novemba 2025. Lakini hata lenyewe lilitangaza kwamba abiria aliyekwisha kujiandikisha mtandaoni, simu yake ikizima, atasaidiwa uwanjani bila malipo. Waliojenga mambo ya simu wanajua kwamba simu huzima na huvunjika. Mimi nilijua pia, tena nilikuwa nimeushika ufa wenyewe mkononi.

Nilichukua wiki mbili kupata ujasiri wa kwenda sokoni. Nikamweleza yote, wino na ufa. Aliendelea kupanga ndizi zake, mbivu huku, mbichi kule, kisha akasema bila kuniangalia:

"Ungeniambia wino umeisha, ningepanda matatu nikaenda Nkubu."

Maneno hayo tu. Angenitukana ningepata nafuu. Pesa za tiketi nimekuwa nikimrudishia kidogo kidogo, naye huzipokea. Siku ile ya mahafali sina pa kuitoa.

Sasa anayesafiri namwachia pasi kwenye simu na ya karatasi mkononi, na printa ikikauka nabandika mlangoni: HAKUNA WINO. Nawe mwenye saiba mwenzangu, mteja akisimama mbele yako leo jioni na shilingi kumi zake, mwambie ukweli mapema, angali na muda wa kufika kwingine.