Kutoka Titye hadi Ujerumani: Maandalizi ya Mzazi Anayekwenda Kumwona Mwanawe Chuoni

Safari ya mzazi wa Titye anayekwenda kumtembelea mwanawe anayesoma Ujerumani huanza miezi mingi kabla ya siku ya kupanda ndege, nayo huanzia katika ofisi ya mtendaji wa kijiji, kwa kuwa hati nyingi zitakazodaiwa mbele ya safari hutegemea barua ya kumtambulisha mwombaji kuwa mkazi wa mahali hapo. Titye ni kata ya Wilaya ya Kasulu, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, ambako kaya nyingi za Waha huishi kwa maharage, mahindi na mihogo. Fedha za mazao hayo hupita mkononi bila kuingia benki, na jambo hilo, kama itakavyoonekana, ndilo linaloitia safari hii ugumu kuliko hata nauli.

Wakati wa kusafiri huamuliwa na kalenda mbili. Masomo ya muhula wa kiangazi katika vyuo vikuu vya Ujerumani humalizika Julai na ya muhula unaofuata huanza Oktoba. Huku Kasulu, miezi hiyo ni ya ukame, maharage ya msimu wa pili yamekwisha kuvunwa na kuuzwa, na shamba linangoja mvua za vuli. Kalenda hizi hupatana vizuri ajabu. Hata hivyo, likizo ya mwanafunzi si mapumziko matupu, kwani wengi huwa na mitihani au vibarua, ambavyo sheria ya nchi hiyo inawaruhusu wanafunzi waliotoka nje ya Umoja wa Ulaya kuvifanya hadi siku 140 nzima kwa mwaka. Kwa hiyo ni busara mwana aulizwe kwanza ni wiki zipi atakuwa na nafasi, ndipo mengine yapangwe.

Hati ya kwanza ni pasipoti. Tangu Januari 2018 Tanzania hutoa pasipoti ya kielektroniki, inayodumu miaka 10 na kugharimu shilingi 150,000, na mwombaji hutakiwa kuwa na kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, na cheti cha kuzaliwa cha mzazi wake au kiapo kinachoshika nafasi ya cheti hicho. Kwa mtu mzima aliyezaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga wa jadi, cheti cha RITA, yaani wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, mara nyingi hutafutwa ukubwani, kwa kadi ya ubatizo au ushahidi wa wazee. Tena Kasulu ni wilaya ya mpakani, iliyopokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miongo kadhaa, na kambi ya Nyarugusu imo humo tangu 1996. Hivyo maswali ya uraia huulizwa kwa kina, na inafaa mwombaji ajiandae kueleza wazazi na babu zake walizaliwa wapi. Jambo dogo linalokwamisha wengi ni tahajia ya majina: aliyeandikwa Yohana kwenye kadi ya ubatizo, Yohane kwenye kitambulisho na John kwenye kadi ya benki huhesabiwa kuwa watu watatu mpaka aape kwa wakili kwamba ni mmoja.

Viza inayohusika ni ya Schengen, yaani kibali cha kuingia katika nchi 29 za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, na humruhusu mgeni kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, ada yake ni euro 90 ambazo hazirudishwi hata ombi likikataliwa, na lazima liambatane na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Mwana anaweza kuandika barua ya mwaliko. Lakini dhamana rasmi ya gharama, ambayo mwenyeji huitia saini mbele ya idara ya wageni ya mji anamoishi, hudai kipato ambacho mwanafunzi kwa kawaida hana.

Hapo ndipo mkulima hukutana na swali zito, nalo ni ushahidi kwamba atarudi. Kwa haki, hakuna mtu mwenye sababu nyingi za kurudi kuliko mwenye shamba, mifugo, wajukuu na makaburi ya wazee wake Titye. Kinachokosekana ni maandishi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 huruhusu halmashauri ya kijiji kutoa hati ya haki miliki ya kimila, yaani cheti kinachothibitisha umiliki wa ardhi kwa desturi, na cheti hicho, pamoja na akaunti ya benki inayopitishiwa mauzo ya mazao walau kwa misimu miwili, humfanya mkulima aonekane na ofisa asiyepata kufika Kasulu. Wazazi wengi hukopa fedha na kuziweka benki kwa mkupuo wiki chache kabla ya kuomba. Fedha za namna hiyo huzua shaka badala ya kuiondoa.

Maombi huwasilishwa Dar es Salaam, ambako vidole huwekwa juu ya kioo cha mashine ili alama zake zichukuliwe, na vidole vilivyosuguliwa na mpini wa jembe miaka mingi hulazimika kufutwa kwa kitambaa na kuwekwa tena na tena. Kutoka Kasulu msafiri hushuka Kigoma, kisha hupanda ndege au treni ya Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914 na kusafirisha vipande vya meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ambayo leo huitwa Liemba.

Mizigo nayo ina sheria zake. Nyama, hata iliyokaushwa, hairuhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya mikononi mwa abiria. Dagaa wakavu wa Kigoma huruhusiwa hadi kilo 20, na asali ya Kibondo hadi kilo 2, ilimradi ni kwa matumizi ya nyumbani. Mawese yafungwe vyema katika begi la kupakiwa chini, kwa kuwa kimiminika kinachozidi mililita 100 hakipiti na abiria, na kila kilichobebwa kiandikwe kwenye karatasi moja ambayo mzazi asiyejua Kijerumani ataweza kumpa ofisa wa forodha.