Hadithi za Kutisha Darasani

Walimu wenzangu wengi wa lugha hudhani kwamba hadithi za kutisha ni kitu cha kuwachangamsha wanafunzi siku ya Ijumaa alasiri, sarufi ikiwa imekwisha kuwachosha na kengele i karibu kulia. Mimi nasomesha Kiingereza na Kiswahili katika shule moja ya sekondari nchini Uganda, na kwa miaka kadhaa nimezisoma hadithi hizo pamoja na vijana wa kidato cha pili na cha tatu, kwa lugha zote mbili. Kwa maoni yangu zataka kipindi cha asubuhi, akili ikiwa bado macho, maana sijaona fasihi nyingine imlazimishayo kijana kulipima neno moja moja kama hii.

Nizungumziazo ni zile ambazo Waingereza huziita za kigothi. Jina lilitokana na majengo ya kale ya Ulaya, yenye matao yaliyochongoka na vyumba vya giza, nalo lilishika katika fasihi baada ya Horace Walpole kutoa hadithi yake ya ngome ya Otranto mwaka 1764. Baadaye akaja Mary Shelley na Frankenstein mwaka 1818, na kisha Mmarekani Edgar Allan Poe, ambaye hadithi zake nyingi humalizika katika vipindi viwili, na kwa sababu hiyo ndiye rafiki mkubwa wa mwalimu.

Ugumu wa kwanza ni majina. Kiingereza kina neno moja la kawaida la kumtaja marehemu anayerudi kuwatokea walio hai. Sisi tunayo maneno tele, wala hakuna lililo sawa nalo. Mzimu una jamaa zake na mahali pake, nao hutambikiwa. Pepo humpanda mtu aliye hai akasema kwa kinywa chake. Jini ana kabila na dini. Zimwi hula watoto katika ngano. Kizuka ndilo neno lililo karibu zaidi, lakini huko pwani ni pia jina la mjane aliye edani. Nilipolieleza hilo, msichana mmoja aliuliza kwa nini mwanamke aliyefiwa na mumewe aitwe kwa jina la kitu cha kutisha. Tulikaa na swali lile kipindi kizima, na somo nililoliandaa likangoja kesho yake.

Lakini hakuna kilichotupa kazi kama kunguru wa Poe. Katika shairi lake la mwaka 1845, mtu aliyefiwa na mpenzi wake ameketi peke yake usiku wa manane. Ndege mweusi anaingia, anatua juu ya mlango, na kila aulizwapo hujibu kwa neno lile lile moja la kukana. Kunguru tumjuaye sisi ana shati jeupe kifuani na huiba mabaki jikoni, na methali yamsema kuwa mwoga akimbizaye ubawa wake. Wanafunzi walicheka. Mmoja akapendekeza tumgeuze bundi, na darasa zima likamuunga mkono, kwani kila kabila lililokuwamo lilikuwa na lake la kusema juu ya bundi aliaye paani.

Nilikataa. Bundi ana makao yake bora katika Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambamo majumba ya mabwana wa Pate yamekuwa magofu, ndege wamelala katika madaka yaliyopangwa sahani, na bundi anakoroma ndani. (Nawasihi wenzangu waufundishe utenzi huo sambamba na hadithi za ngome za Ulaya, vijana hushangaa kwamba magofu yetu yalikwisha kupata mshairi.) Lakini bundi huingia nyumbani habari ya kifo i mdomoni tayari. Shairi la Poe lahitaji ndege asiyejua lolote, aliyekariri neno moja tu, labda kwa bwana wake wa zamani, ili ionekane kwamba yule mfiwa anajijeruhi mwenyewe kwa kuuliza maswali ambayo jibu lake amekwisha kulijua. Katika insha yake ya mwaka 1846 Poe aeleza kwamba ndege wa kwanza kumjia akilini alikuwa kasuku. Vijana walifurahi mno kusikia hivyo, maana kasuku wa kijivu ni ndege wa misitu yetu.

Kisha likaja lile neno lenyewe. Yalipendekezwa hasha, kamwe, abadani na katu. Hasha tuliliondoa mara moja, kwa kuwa ni la mtu abishaye, na kunguru habishi. Abadani lina urefu mzuri, lakini mwisho wake ni mwembamba, na Poe alitaka sauti pana inayovutika. Hapo mvulana mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi, akatoa hoja ya kisarufi: katu na kamwe hayasimami peke yake, bali hutia nguvu kitenzi kilichokwisha kukanushwa. Mtu akiuliza, "Je, nitamwona tena?" na ndege akajibu, "Katu," ni lazima yule muulizaji ajazie mwenyewe moyoni, "Sitamwona." Sidhani kama nimewahi kusikia maelezo bora ya shairi lile, hata chuoni nilikopata stashahada yangu. Tukachagua katu.

Sasa niseme jambo ambalo wenzetu wa Tanzania na Kenya huenda hawalifikirii. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo wako wazee wengi ambao Kiswahili walikisikia kwanza kutoka vinywani mwa askari, vizuizini na milangoni, katika miaka ya utawala wa Idi Amin kati ya 1971 na 1979. Kwao lugha hii yenyewe ni hadithi ya kutisha.

Mmoja wao alikuja shuleni, babu wa mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Alizungumza kwa utulivu. "Mwalimu," alisema, "umechukua vitu viwili vibaya ukavitia katika chungu kimoja: mashetani na lugha ya askari." Sikutaka kushindana na mzee. Nilimwomba aketi nyuma ya darasa, kwani siku hiyo tulikuwa tunasoma, katika tafsiri ya wanafunzi wenyewe, hadithi ya Poe ya mwaka 1843 kuhusu muuaji anayeapa kwamba hana wazimu. Amemwua mzee asiyemkosea lolote, kwa sababu ya jicho lake tu, akamficha chini ya mbao za sakafu. Wanakuja polisi watatu, anawakaribisha viti, kisha anaanza kusikia moyo wa marehemu ukidunda. Hamna shetani wala mzimu ndani yake. Kazi ya wanafunzi ilikuwa kuhesabu ni mara ngapi msimulizi anadai kuwa na akili timamu, na kusema ni wapi walipoacha kumwamini.

Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho. Polisi walipoingia na kuketi wakizungumza kwa upole, alitikisa kichwa na kusema, "Askari hawa wana adabu," na wanafunzi wakacheka bila kujua wanacheka nini. Wote walipokwisha kutoka, alibaki kitini. Hakuniambia kwamba amebadili mawazo, nami sikumwuliza. Aliniomba tu nirudie mahali ambapo marehemu, kabla ya kuuawa, anaamka usiku kwa mlio mdogo wa mlangoni, akakaa kitandani gizani muda wa saa nzima bila kulala tena, akijaribu kujiambia kwamba ni upepo au panya. Nikamsomea tena, polepole, kwa Kiswahili. "Sehemu hiyo," alisema, "mjukuu wangu ameitafsiri sawasawa."